Wikiendi Mpanda, na swali nililomuuliza babu

Nimepotea wiki mbili, najua. Majaribio yalitubana mpaka kuandika hapa ikawa anasa. Ila wikiendi iliyopita nilitoroka Tabora nikaenda Mpanda, kwao na shoga yangu ninayelala naye chumba kimoja. Mnajua mimi ni Mkenya, mtu wa Msambweni, nasoma ualimu huku kwa kibali cha mwanafunzi. Ugenini ukialikwa nyumbani kwa mtu hukatai!

Ijumaa tukapanda basi, lami tupu kupitia Sikonge na Inyonga. Nje ni pori, pori, pori. Unakwenda mwendo mrefu huoni hata kibanda. Nikauliza, kwani watu wako wapi? Shoga akacheka: "Si wewe unasoma historia? Katafute." Haya, nimetafuta.

Pori hili halikuwa tupu tangu zamani. Mbung'o walileta ugonjwa wa malale, na miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ikawahamisha watu na kuwakusanya kwenye vijiji vikubwa ili iwatibu. Nyuma yao miombo ikafunga. Reli nayo ilipita mbali. Ile ya Wajerumani ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, Mpanda ikaachwa pembeni.

Kilichoileta reli Mpanda ni risasi. Siyo ya bunduki jamani, madini! Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walijenga tawi la kilomita 210 kutoka Kaliua, treni zikaanza 1950, ili zibebe mali ya mgodi wa Mukwamba. Vibarua wakaja kutoka huku na kule, mji ukakua. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Miaka 10 tu! Jumamosi asubuhi nilisimama stesheni nikiwaza, mtu anajenga kilomita 210 za chuma kwa ajili ya miaka 10. Risasi ikaenda, reli ikabaki, na mji ukabaki.

Mchana tukaenda Katumba kwa babu yake. Hapo ndipo nilipoharibu. Tumekaa chini ya mwembe, nimeshaamkia shikamoo, nimeshaletewa mahindi ya kuchoma, mdomo ukaniwasha: "Babu, kwani kwenu hasa ni wapi?"

Babu akanyamaza. Shoga akaangalia chini. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwisho babu akasema, "Mjukuu wangu, hilo swali nimeulizwa na watu wengi wenye mihuri. Wewe huna muhuri, nitakujibu."

Alitoka Burundi mwaka 1972, kijana. Mwaka ule, baada ya uasi wa Wahutu, jeshi na serikali viliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000, wengi wao Wahutu, hasa waliosoma. Na walimu walikuwemo. Mimi ninayesomea ualimu nikaacha kutafuna. Maelfu wakavuka kuja Tanzania, na serikali ikawafungulia makazi porini: Ulyankulu kule Tabora, Katumba 1973, Mishamo 1978. Walipewa ardhi, wakafyeka. Hilo pori lililoachwa kwa mbung'o ndilo walilogeuza mashamba ya mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Ila kutoka nje ya makazi ilibidi uwe na kibali.

Mwaka 2007 wakaulizwa: kurudi Burundi, au kuomba uraia wa tajnisi? Karibu 4 katika kila 5 walichagua kubaki. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yakakubaliwa. Sherehe? Bado. Walitakiwa waukane uraia wa Burundi, na mpango ukawa wahame makazi, watawanywe mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti. Mpango ukakwama. Mkoa wa Katavi ukazaliwa 2012, ukakatwa kutoka Rukwa, wao wakiwa bado wanasubiri. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, na ile habari ya kuhamishwa ikaachwa.

Hebu hesabuni. Karibu miaka 4 mtu ameshaukana Urundi, na cheti cha Utanzania hana mkononi. Shoga yangu alizaliwa 2003 hapo hapo Katumba. Alizaliwa mkimbizi katika nchi ambayo hajawahi kuikimbilia! Mimi niliyevuka mpaka kwa basi na begi langu, nilikuwa na kwetu kwa karatasi siku zote.

Babu akaingia ndani akatoka na cheti kimefungwa kwenye nailoni. Akasema, "Kwetu ni pale nilipozika watoto wangu wawili na kupanda huu mwembe. Karatasi imekuja baadaye kukubali."

Usiku sikulala vizuri. Nilikumbuka Wamakonde wa kwetu Msambweni. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wajukuu wakazaliwa Kwale bila kitambulisho. Oktoba 2016 wakafunga safari mpaka Ikulu ya Nairobi kudai, na 2017 wakavipata. Darasa la tatu nilikaa dawati moja na mtoto wao. Tulimwita mgeni. Alizaliwa mtaa wa pili kutoka kwetu, nasi tulimwita mgeni.

Jumapili wakati wa kuaga nilipiga goti kumwomba babu radhi. Akacheka, akanipa kiroba cha maharage, akasema nikirudi nisiulize, nije tu na jembe.

Basi wadau, mwakani nikianza kufundisha, sitamsimamisha mtoto mbele ya darasa aseme kwao wapi. Nitamuuliza amepanda nini.

Maharage yapo chumbani, njooni na mkaa wenu. Ngoja nikalale, kesho kipindi saa moja.