Drive-In ya Msasani: palipokuwa na sinema pana ubalozi

Wadau, ukipita barabara ya zamani ya Bagamoyo pale Msasani, Dar, unaona ukuta mrefu wa Ubalozi wa Marekani. Vijana wengi hatujui kwamba pale ilikuwepo Drive-In, sinema ya wazi iliyofunguliwa mwaka 1966. Watu waliegesha magari kuelekea skrini kubwa, familia nzima ikatazama picha ya Kihindi humo humo garini.

Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na bado ujamaa na Drive-In vikaishi pamoja! Kilichobana ni uchumi: mafuta yalipanda bei 1973, kisha vita vya Kagera vya 1978-79 vikamaliza fedha za kigeni. Sisi watu wa Ngenge tunavijua kwa simulizi za wazee, kumbe vilibana hadi starehe za Dar. Baadaye zikaja video.

Agosti 7, 1998 ubalozi wa zamani ulilipuliwa, watu 11 wakafa. Mpya ukafunguliwa 2003, pale pale penye sinema. Usalama ni lazima, sikatai. Lakini familia zilihamishiwa wapi? Kila mtu na skrini yake chumbani. Mnasemaje wadau?