Kwa Matola Ni Wapi?

Kiungo kilichoandikwa ../picha/kanisa.jpg hakimfikishi mtu popote mpaka programu ijue kimetoka ukurasa upi. Ikishajua, huchukua anwani ya ukurasa huo, hurudi juu folda moja, kisha huunga njia iliyobaki, na anwani kamili hupatikana. Kanuni hizo ziliwekwa mwaka 1995 katika waraka uitwao RFC 1808, lakini jambo lenyewe, anwani inayotegemea mahali pa kuanzia, lina historia ndefu kati ya Lupaso, Masasi na Newala, kusini-mashariki mwa Tanzania, ambako makazi yalijulikana kwa jina la mkuu wake. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara walipoivamia misheni ya Kianglikana ya UMCA pale Masasi, baadhi ya Wakristo walihamia kwa mkuu Matola, yaani Newala. Karl Weule, Mjerumani aliyezunguka huko mwaka 1906, alimkuta Matola wa wakati huo, mrithi wa jina hilo, Chingulungulu, chini ya uwanda wa juu wa Makonde. Mahali palibadilika, anwani ikabaki kuwa sahihi, mradi msikilizaji ajue Matola anakaa wapi.

Atasema mtu kwamba huo ndio udhaifu wa anwani kama hiyo: mahakama, posta na ramani haziwezi kumfuata mkuu anayehama. Ni kweli, na kwa mgeni anwani kamili haina mbadala. Lakini kwa jamii inayohama pamoja, anwani ya namna hii ndiyo imara zaidi, kama tovuti inavyohamishiwa seva nyingine bila viungo vyake vya ndani kukatika. Kinachoiua ni kupotea kwa mwanzo wake. Hilo ndilo lililotokea vijijini, hasa baada ya Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri. Watu wa wakulungwa, yaani wakuu wa makazi, mbalimbali walipangwa pamoja kwa mistari, na majina ya zamani yakabaki yakielekeza kwenye mahame.

Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imezipa nyumba namba na barabara majina, pamoja na postikodi ya kata yenye tarakimu 5. Ni kazi njema, ila imeanzia pale watu walipo leo, na mahame hayamo. Mpanga programu mwangalifu hubadilisha viungo kuwa kamili kabla ukurasa haujaondolewa nyumbani kwake. Huku ukurasa uliondolewa kwanza, na wanaojua ulikokuwa ni wazee. Ofisi za vijiji ziende nao porini, ziandike kila hame, jina la mkulungwa wake na vipimo vyake vya GPS, wakati wazee hao bado wanaweza kutembea.