Teknolojia mpya yabadilisha kazi ya wataalamu wa tarakilishi

KWA miaka mingi, mtaalamu wa tarakilishi nchini Kenya alijulikana kwa kazi ya mikono. Alitandaza nyaya, akaweka programu katika tarakilishi moja baada ya nyingine na kutunza seva zilizofungiwa katika chumba chenye baridi.

Mnamo 2006, kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kukodisha seva na nafasi ya kuhifadhi data kupitia intaneti, mfumo unaofahamika kama teknolojia ya wingu.

Nchini, mfumo huo ulipata njia baada ya 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Awali, taifa lilitegemea setilaiti, huduma iliyokuwa ghali na ya polepole.

Siku hizi, shirika linaweza kukodi seva badala ya kuzinunua. Mtaalamu naye hukadiria gharama na kuamua ni nani anayeruhusiwa kufikia data.

Uamuzi huo una uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, data ya watu ikidukuliwa na kuwaweka katika hatari ya kudhurika, shirika linalohusika lina saa 72, tangu lifahamu, kumwarifu Kamishna wa Data.

Badiliko jingine ni akili bandia. Tangu ChatGPT izinduliwe Novemba 2022, mashine imekuwa ikiandika programu kwa dakika chache. Hata hivyo, programu hizo huweza kuwa na makosa au mianya ya wadukuzi, hivyo sharti zikaguliwe na anayezielewa.

Hapo ndipo penye hatari kwa chipukizi. Kazi ndogondogo zinazofanywa upesi na mashine ndizo zilizowafunza wakaguzi wa leo. Wanaoanza wakizikosa, wakaguzi wa kesho watatoka wapi?

Ujuzi wa zamani nao haujapitwa na wakati. Mnamo Julai 19, 2024, sasisho lenye hitilafu la kampuni ya CrowdStrike lilikwamisha takriban tarakilishi milioni 8.5 za Windows duniani, kwa makadirio ya Microsoft. Nyingi zilihitaji kurekebishwa kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Siku hiyo, aliyehitajika zaidi alikuwa fundi anayejua mashine inavyowaka.