Gome la Mti, Mwili wa Mtu

Katika miombo inayozunguka Matogoro, hapa Songea, gome la mti lina kazi mbili anazozijua kila mtu: kamba na mzinga wa nyuki. Buganda, nchini Uganda, wana kazi ya tatu. Gome la mutuba huchunwa wakati wa mvua, likapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linatanuka na kuwa kitambaa laini chenye rangi ya udongo. Hiyo ndiyo lubugo, vazi la wafalme na sanda ya wafu. Shina lililochunwa hufungwa majani ya mgomba lipone, na baadaye hutoa gome jingine. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa wanadamu wote.

Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, aliikuta lubugo kwenye soko la watalii jijini humo. Tangu hapo huiwamba kwenye fremu, akaipaka rangi za mafuta, akazikwangua na kupaka tena. Matobo na mishono haifichi. Tundu likiangukia shavuni mwa mtu, linabaki shavuni.

Novemba 2014, wanaume walimvua nguo mwanamke mmoja kwenye kituo cha mabasi Nairobi. Video ilisambaa, wanawake wakaandamana. Mwaka uliofuata Armitage alichora kazi aliyoiita #mydressmychoice, yaani nguo yangu, uamuzi wangu. Mwanamke amelala uchi, ametupa mgongo, kama Diego Velázquez alivyomlaza Venus katikati ya karne ya 17. Juu yake imepangana miguu ya wanaume. Mbele ya picha ya Velázquez, mtazamaji yuko peke yake na mungu wa kike anayejitazama kiooni. Mbele ya ile ya Armitage anagundua kuwa amekamilisha duara: upande ule wamesimama wanaume, upande huu amesimama yeye. Na mgongo ule wa Venus una historia yake ya majeraha. Mwaka 1914 Mary Richardson, aliyepigania kura ya wanawake Uingereza, aliingia National Gallery jijini London na kuukatakata kwa kisu cha bucha.

Wapo wanaoita kazi ya namna hii kuiga Wazungu. Siwaelewi. Édouard Manet alimchora Olympia mwaka 1863 akiwa na Venus wa Titian wa mwaka 1538 akilini, na hakuna anayemwita mwizi. Kwetu, mshairi anayetunga kwa vina na mizani alivyorithi haulizwi kwa nini hakubuni bahari mpya. Anaulizwa amesema nini ndani yake.

Isitoshe, njia hii ni ya zamani hapa kwetu. Margaret Trowell, aliyesoma chuo cha sanaa cha Slade, London, alianzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwanafunzi wake Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, naye akaenda Slade miaka ya 1950, akarudi akiwa bado anachora migomba na wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mchoro huo wa mwaka 1956 uko New York, katika jumba la sanaa la MoMA. Nusu karne baada yake, Armitage alipita chuo kile kile cha Slade.

Lakini anayenigusa zaidi ni Elimo Njau wa Marangu. Kanisa kuu la Murang'a, Kenya, lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Ndani yake Njau alichora michoro mitano ya ukutani: Kuzaliwa, Ubatizo, Chakula cha Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Mada hizo wachoraji wa Italia walizichora karne nyingi kabla yake. Watu wake ni wa vilima vya Murang'a. Fikiria mjane ameketi kwenye benchi, na anayesulubiwa ukutani ana sura ya jirani yake.

Mwaka aliozaliwa Njau, 1932, ndio unaotajwa kuwa wa kuzaliwa kwa Edward Tingatinga, wa Tunduru, mkoa wetu huu wa Ruvuma. Yeye alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli, bila chuo, na mwaka 1972 risasi ya polisi ikamuua. Wanyama aliowachora ndio waliopata soko.

Nami nabaki na kiu ya watu. Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga Songea viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 kwa sababu ya vita vya Majimaji. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa. Sanamu za mashujaa zipo makumbusho ya Majimaji. Natamani mchoro. Francisco Goya alisubiri miaka sita tu: waliopigwa risasi na askari Madrid Mei 1808 aliwachora mwaka 1814, kandili ikiwaka chini, mtu wa shati jeupe amepanua mikono. Manet aliupokea mpangilio huo alipochora kuuawa kwa Maximilian wa Mexico. Kwa nini usipokelewe na kijana anayesomea ualimu Matogoro, au mtoto atakayemfundisha?

Askari wa Goya wametugeuzia migongo. Hatuzioni nyuso zao. Mchoraji wa Songea hatapata nafuu hiyo, kwa kuwa askari wengi wa Mjerumani walikuwa Waafrika. Itambidi aamue nyuso zao zielekee wapi.