Ukifika Kozhikode: Mambo ya Kutazama Katika Mji Uliokataa Kufukuza Wageni



Ndugu wasomaji, kila mwaka wapo jamaa zetu wa Mbarara wanaosafiri kwenda India. Wengine hupeleka mgonjwa hospitali, wengine ni wanafunzi waliopata nafasi ya chuo, wengine wanafuata biashara. Wengi hurudi na picha za uwanja wa ndege na maduka makubwa tu. Tunaona hiyo ni hasara, kwani nauli imekwishalipwa na historia iko mlangoni.

Katika makala hii tumechagua mji mmoja wa pwani, Kozhikode, katika jimbo la Kerala. Vitabu vya zamani huuita Calicut. Tunajua kwamba Wahindi wengi waliofungua maduka Uganda walitoka Gujarat, mbali kaskazini mwa hapo. Kozhikode tumeuchagua kwa sababu historia yake inagusa swali ambalo watoto wa Nakivale huulizwa na wenzao: "Nyinyi mtarudi kwenu lini?"

KABLA YA KUONDOKA

Msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. India huidai kwa kila anayetoka Uganda, na chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya kufika. Ndugu zetu wakimbizi wahakikishe wana hati ya kusafiria ya mkimbizi, na waulize habari za viza mapema kabla ya kununua tiketi. Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari. Kuanzia Juni mvua ya pepo za kusi huko ni kubwa mno.

1. ANZENI NA KUTTICHIRA

Huu ni mtaa wa zamani wa Waislamu, umezunguka bwawa kubwa la maji. Hapo upo msikiti wa Mishkal. Mtoto aliyezoea kuba na mnara atashangaa, kwa sababu hautaona hata kimoja. Ni jengo la mbao la ghorofa kadhaa, lenye mapaa ya vigae yanayopandana kama mahekalu ya Kerala. Mafundi walijenga kwa mtindo wa nchi yao. Waelezeni watoto kwamba hata misikiti mingi ya kale ya mwambao wetu wa Afrika Mashariki haina mnara.

Aliyeujenga, katika karne ya 14, alikuwa tajiri mwenye merikebu aitwaye Mithqal. Wenyeji humtaja kwa cheo chake, nakhuda. Neno hilo ndilo letu la nahodha. Merikebu zake zilifanya biashara na China, Yemen na Uajemi.

Swaleni hapo kwa adabu. Waislamu wa Kerala wengi ni wa madhehebu ya Shafi, tofauti na Waislamu wengi wa India, lakini sawa na sisi na ndugu zetu Wasomali. Kinamama waulize kwanza, kwani katika misikiti mingi ya zamani huko wanawake hawaswali ndani.

2. JIWE LA MUCHUNDI

Si mbali na hapo upo msikiti wa Muchundi. Ndani yake kuna jiwe la karne ya 13 lenye maandishi ya lugha mbili, Kiarabu na Kimalayalam cha kale. Maandishi ya Kiarabu yanasema kwamba msikiti ulijengwa na Shihab al-Din Rayhan, mtumwa aliyeachwa huru, aliyenunua kiwanja kwa mali yake mwenyewe. Maandishi ya Kimalayalam yanataja fungu alilotoa mfalme kwa ajili ya matumizi ya kila siku ya msikiti huo.

Simameni hapo kidogo mfikiri. Mfalme huyo, aliyeitwa Samuthiri (Wareno walimwita Zamorin), alikuwa Mhindu. Aliyejenga alikuwa mtu aliyewahi kumilikiwa na mtu mwingine. Majina yao yameandikwa kwenye jiwe moja, kila mmoja kwa lugha yake.

3. MSOMI WA MOGADISHU

Ibn Battuta alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mnamo 1331. Katika miaka ya 1340 alifika Kozhikode akiwa mjumbe wa Sultani wa Delhi kwenda China. Alikuta merikebu 13 za Kichina zimetia nanga zikingoja upepo, na mkuu wa wafanyabiashara akiwa mtu wa Bahrain. Yeye alibaki nchi kavu kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Usiku dhoruba ikapiga, na jahazi lililobeba zawadi za Sultani likavunjika.

Lakini tunalotaka watoto walikumbuke ni jambo dogo lililotokea safarini kabla hajafika mjini. Katika msikiti wa Hili, kaskazini kidogo kwenye pwani hiyo hiyo, Ibn Battuta alikutana na faqihi aitwaye Said. Alikuwa ametoka Mogadishu, akasoma miaka 14 Makka na miaka 14 Madina, kisha akatembea India na China. Leo mtoto wa Kisomali aliyezaliwa Nakivale huenda akaambiwa kwamba watu wake ni watu wa vita na kambi tu. Basi naajue kwamba karibu miaka 700 iliyopita mtu wa mji wa babu zake alikuwa msomi mwenye kuheshimiwa katika pwani ya India.

4. UFUKWE WA KAPPAD

Kiasi cha kilomita 16 kaskazini mwa mji upo ufukwe wa Kappad, wenye nguzo ya kumbukumbu ya Vasco da Gama. Aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiongozwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, akafika hapa tarehe 20 Mei. Vitabu vingine humtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid, lakini wanahistoria wengi sasa hawakubali hilo. Zawadi alizoleta Gama kwa mfalme zilikuwa vitambaa, kofia, mabeseni, sukari, mafuta na asali. Watu wa mfalme wakazicheka. Huu ulikuwa mji wa pilipili manga, hariri na dhahabu.

Mwaka 1502 Gama alirudi na merikebu za vita. Njiani aliikamata merikebu ya mahujaji waliokuwa wakirejea kutoka Makka, akaichoma pamoja na mamia ya watu waliokuwamo, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao. Alipofika Kozhikode alimtaka Samuthiri awafukuze Waislamu wote mjini mwake.

Samuthiri akakataa. Mji ukapigwa mizinga.

Januari 1510 Wareno waliingia mjini kwa nguvu, na msikiti wa Mishkal ukachomwa moto. Wenyeji wakawarudisha baharini, na msikiti ukatengenezwa tena. Ndio ule ule mtakaoswali. Mizinga hiyo tunaijua hata huku, kwani mwaka 1505 Wareno waliziteka Kilwa na Mombasa.

5. BEYPORE NA MTAA WA HALUA

Familia yenye watoto wadogo iende Beypore, kiasi cha kilomita kumi kusini. Hapo mafundi bado huunda kwa mikono vyombo vikubwa vya mbao viitwavyo uru. Aliyewahi kuona majahazi ya Lamu au Zanzibar ataona undugu mara moja. Sisi tulio mbali na bahari tuna nafasi hapo ya kuwaonyesha watoto kwamba upepo ulikuwa kama ratiba ya basi: kaskazi huleta vyombo Afrika, kusi huvirudisha India.

Jioni piteni mtaa unaoitwa S.M. Street mle halua. Mtaona rangi nyingi kuliko ile ya Zanzibar. Mji huu unajulikana pia kwa biriani yake, na Oktoba 2023 UNESCO iliutangaza kuwa Mji wa Fasihi, wa kwanza India kupewa jina hilo. Wanafunzi wasikose maduka ya vitabu.

TUSIITIE HISTORIA SUKARI

Tungependa kusimulia kwamba baada ya 1502 kila kitu kilikwenda vizuri. Haikuwa hivyo. Samuthiri alikuwa na maslahi yake, kwa kuwa ushuru wa wafanyabiashara hao ndio ulioendesha dola yake. Kwa miaka mingi majemadari wa bahari wa ukoo wa Kunjali Marakkar walipigana na Wareno kwa niaba ya wafalme wa Kozhikode. Kisha wakagombana. Mwaka 1600 Samuthiri wa wakati huo aliungana na Wareno dhidi ya Kunjali wa nne, ambaye alipelekwa Goa akauawa. Makumbusho yake yapo Iringal, kaskazini mwa mji, nayo yanafaa kutembelewa siku hiyo hiyo ya Kappad.

Kwa hiyo ukarimu si tabia ambayo mji unazaliwa nayo. Kila kizazi kinaamua upya.

NA SISI JE?

Hapa ndipo safari ya Kozhikode inapotugusa watu wa Mbarara. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Makumi ya maelfu waliondoka, wakiwemo Waislamu wenzetu, wakaacha maduka na nyumba. Mwaka 1982 ikawa zamu ya watu wenye asili ya Rwanda. Maelfu walifukuzwa katika vijiji vya Ankole, ng'ombe wao wakachukuliwa, na wengine wakakimbilia Nakivale hapa hapa. Swali lililoulizwa ni lile la 1502, na jibu letu halikuwa la Samuthiri.

Lakini jibu jingine pia lipo karibu nasi. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na leo ina zaidi ya watu laki moja na nusu, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Uganda ilifanya hivyo hasa: iliwapa wakimbizi vipande vya ardhi walime, na sheria ya mwaka 2006 ikawaruhusu kufanya kazi na kutembea. Vipande hivyo vimekuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka, na maneno ya kubaguana hayakosekani kisimani na sokoni. Bado ni jambo ambalo nchi nyingi tajiri zimeshindwa kulifanya.

KWA WASIOWEZA KUSAFIRI

Walio wengi kati yetu hatutaona Kozhikode. Wazazi, chukueni watoto Jumamosi moja mtembee High Street ya Mbarara. Waulizeni wazee ni maduka gani yalikuwa ya Wahindi kabla ya 1972, na nani walirudi katika miaka ya 1990. Hesabuni maneno tuliyonayo kutoka kwao: duka, gari, chapati, laki, pesa.

Wanafunzi wa Nakivale, waendeeni wazee wa Mogadishu na Barawa walio jirani zenu. Waulizeni babu zao walisafiri wapi na walileta nini. Andikeni majibu kabla wazee hawajaondoka. Jiwe la Muchundi limedumu kwa sababu mtu alijali kuandika nani alijenga na nani alisaidia.

Na mtoto akiulizwa tena atarudi kwao lini, tumfundishe kujibu kwa upole: kwetu ni tulikotoka, na pia ni hapa tunapolima na kusoma. Na aliye mwenyeji, kabla ya kuuliza, akumbuke kuwa mgeni njoo mwenyeji apone.

Tunamuomba Allah awarejeshe salama wasafiri wetu wote. Wabillahi tawfiq.