Mgongo wa Mama

Mama ana mgongo mbovu, nami nimenunua Golf GTI mpya. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Wahandisi wachache wa Volkswagen ndio waliobuni gari hili, pembeni ya kazi zao. Likaonyeshwa Frankfurt mwaka 1975, likaanza kuuzwa 1976: injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110 ndani ya gari jepesi la familia. Kampuni ilikusudia kutengeneza 5,000 tu. Ya toleo la kwanza pekee yakapita 400,000! Sababu yake naiona kila siku. Asubuhi lanipeleka kazini, jioni labeba mchele na vitunguu, na katika barabara kuu za hapa Ujerumani sipitwi ovyo.

Lakini springi zilizokazwa ili gari lishike kona hazichagui abiria. Mtaani kwa mama barabara ni ya mawe. Kila Jumanne nimpelekapo kwa daktari, hushika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili.

"Mwanangu, punguza mwendo."

Natupia jicho mshale wa spidi. Uko kwenye 20.