Ufukwe ni wa nani? Habari za vishada vya Stockholm

Nimekuwa kimya kidogo, kazi na baridi vimenibana. Ila zile picha za vishada nilizoweka hapa zimeleta maswali kuliko hata picha za theluji. Shangazi wa Jambiani kauliza kama hawa Waswidi wana akili timamu, kuingia majini kwenye baridi ile. Mjomba yeye kauliza zito zaidi: vijana wale wamelipa shilingi ngapi kuingia pale ufukweni, na hoteli yenye ufukwe wake iko upande gani?

Mjomba hawajalipa kitu, na hoteli hakuna. Najua kwa nini umeuliza, maana nakumbuka ile siku mlinzi mmoja alipokwambia uzunguke nyuma ya ukuta na dema lako begani, wakati njia ile babu zetu wameipita tangu enzi. Basi leo niwasimulie hawa wenzetu walifikaje hapa. Hawakuzaliwa nayo hali hii, waliipigania.

Kwanza kishada chenyewe, kwa wale wa bara ambao hawajakiona. Wenyewe kule Paje wanaita kaiti. Ni kishada kikubwa chenye mirija ya kujaza upepo, mchezaji anajifunga kiunoni, miguu juu ya ubao, upepo unamvuta juu ya maji. Ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya kishada cha namna hii mwaka 1984. Ujanja wake ni kwamba kikianguka majini hakizami, unakiinua tena. Watu hawakukijali mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, ndipo kikasambaa duniani kama moto wa makuti, na mwaka 2024 mchezo wa vishada ukaingia Olimpiki, mashindano yakafanyika baharini Marseille. Kamba zake zina urefu wa mita ishirini na kitu. Kumbukeni urefu huo.

Sasa turudi Uswidi. Hapa kuna kitu kinaitwa allemansrätten, yaani haki ya kila mtu. Mtu yeyote, hata mgeni kama mimi, anaruhusiwa kutembea msituni, kuchuma matunda ya porini, kuogelea, kutia nanga na kulala usiku mmoja kwenye hema katika ardhi ya mtu mwingine, mradi asisogelee nyumba ya mtu wala asikanyage mazao. Hakuna sheria moja inayoorodhesha haki hii yote. Ni mila ya zamani, ingawa tangu mwaka 1994 imetajwa ndani ya katiba. Mamlaka ya mazingira inaifupisha kwa maneno matatu tu: usisumbue na usiharibu, basi. (Haya, manne, mkihesabu na hilo basi.)

Lakini mila peke yake haikutosha kuokoa fukwe. Mashariki ya Stockholm kuna visiwa karibu 30,000, vingine vikubwa kama Tumbatu, vingine jiwe tupu lenye msonobari mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 matajiri wa mjini walikuwa wakinunua visiwa na kujenga majumba ya kiangazi. Mfano ni kisiwa cha Grinda, ambako mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Nobel, Henrik Santesson, alijijengea jumba la mawe. Na ukishajenga nyumba ufukweni, ile haki ya kila mtu inakomea uani kwako. Nyumba zikishikana, ufukwe umekwisha bila ya mtu kuweka hata uzio.

Mwaka 1938 ikapita sheria ya likizo ya wiki mbili kwa mwaka kwa wafanyakazi. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Makuli wa bandarini na mafundi wa viwandani, watu waliokuwa hawajui kupumzika ila Jumapili, ghafla wana siku za kwenda baharini. Waende wapi sasa? Jiji la Stockholm likaanza kununua visiwa kwa ajili ya watu wake, na Grinda yenyewe ikanunuliwa mwaka 1944. Leo unapanda meli mjini na kushuka kule, unaogelea mbele ya jumba la tajiri bila ya mtu kukuuliza umetoka wapi. Mwaka 1959 ikaundwa taasisi maalumu ya kutunza visiwa hivi, Skärgårdsstiftelsen.

Kununua hakungeweza kumaliza nchi nzima, kwa hiyo wakaingia kwenye sheria. Mwaka 1950 walitunga sheria ya muda ya kuzuia ujenzi kando ya maji, mwaka 1952 ikawa ya kudumu, lakini ilikuwa mpaka serikali ya mkoa itangaze ufukwe fulani kuwa unalindwa. Mnajua mambo ya "mpaka itangazwe" yanavyokwenda. Mwaka 1975 wakageuza kibao: kila ufukwe, wa bahari, ziwa au mto, ukawa unalindwa mita 100 kutoka kwenye maji kwenda nchi kavu na mita 100 kwenda majini, na mahali pengine mpaka 300. Anayetaka kujenga ndiye mwenye kazi ya kuomba na kueleza. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la busara kuliko yote katika habari hii. Tangu mwaka 2009 manispaa ndizo hasa zinazotoa vibali hivyo, na kelele hazijaisha: wa vijijini wanasema sheria inawanyima kujenga, wa mjini wanasema vibali vinatoka ovyo.

Sheria ile inamzuia mjenzi. Haimzuii mchezaji mkorofi, na hapa ndipo zinapokuja pikipiki za majini.

Mziona hizo, zinazolia kama nyuki wa chuma. Zilipoingia kwa wingi huku watu walizichoka upesi, kwa makelele, kupita karibu na waogeleaji, na kutimua ndege kwenye viota. Mwaka 1993 serikali ikatoa kanuni: pikipiki hizi zipite tu kwenye njia kuu za meli na katika maeneo yatakayotengwa na mkoa. Pengine pote, marufuku. Hebu fikirini, nchi ambayo kila mtu ana haki ya kupita kila mahali, chombo kimoja kinafungiwa karibu maji yote! Mwaka 2004 watu wawili walishitakiwa kule Luleå, kaskazini, kwa kuendesha nje ya njia hizo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Ulaya, hoja ikiwa kwamba Uswidi inazuia biashara huria. Mwaka 2009 mahakama ikasema nchi inaweza kuweka mipaka ya namna hiyo kulinda mazingira, ila nayo itimize wajibu wake wa kutenga maji mengine ambamo zinaruhusiwa. Na tangu Mei 2022 mwendeshaji lazima awe na miaka 15 na cheti cha mafunzo.

Wenye vishada wanaijua habari hiyo. Wao hawana kanuni ya nchi nzima inayowabana namna ile, wala leseni hawadaiwi. Lakini mkoa unaweza kukataza kishada ndani ya hifadhi, na katika hifadhi kadhaa za nchi hii umekataza tayari kwa ajili ya ndege. Kishada kikipita juu, ndege wa pwani huruka kama wameona tai, na yai lililoachwa kwenye baridi ya huku halichukui muda kufa. Visiwani Stockholm kuna sehemu nyingi zenye vibao vya njano vya kukataza kusogea wakati wa kuzaliana, mara nyingi kuanzia 1 Februari hadi 15 Agosti.

Kwa hiyo wanachungana wenyewe, na kwa kweli inapendeza kutazama. Nenda Torö siku ya upepo, treni ya kuelekea Nynäshamn halafu basi, ufukwe wa kokoto tupu hauna chembe ya mchanga, huko ni wateleza mawimbi zaidi. Lakini popote vishada vinapokusanyika utaona mambo yaleyale. Hawarushi kishada penye waogeleaji, wanasogea upande ambao upepo hautawapeleka juu ya watu. Zile kamba za mita ishirini na kitu zikikaza zinakata kama waya wa jibini, ndiyo maana hawaziachi zimetandazwa njiani, wanazikunja mara tu wakitoka majini. Mgeni asiyejua kitu hufuatwa na kuelezwa kwa upole, na akijifanya hasikii, upole unapungua. Bahati yao pia ni kwamba upepo mzuri huvuma zaidi majira ya vuli na masika, wakati waogeleaji wengi wako nyumbani na chai yao. Shangazi, wanavaa nguo ya mpira mwili mzima. Akili wanazo, kiasi.

Nimewaza sana Paje nikiandika haya. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani zikiwa za mwanzo, na mama zetu ndio waliobeba kazi ile. Mwani wao uko ndani ya wangwa uleule wa maji mafupi ambao wenye kaiti wanaupenda kwa Kusi na kwa Kaskazi. Bao zikipita juu ya shamba maji yakiwa madogo, kamba za mwani zinakatika, na vijiti vinawachoma wageni miguu, halafu kila upande unamlaumu mwenzake. Tofauti na huku ni kwamba anayepoteza hapo si ndege, ni mtu na ada ya shule ya watoto wake.

Sheria za kwetu zipo pia. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema ardhi kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Tanzania Bara, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita 60 kwenye karatasi, nanyi mnaopita na dema mnajua zimebaki ngapi.

Mpwa wangu unayefundisha kaiti huko Paje, najua unasoma hapa hata kama hujibu. Niandikie: nyinyi na akina mama wa mwani mmekaa kikao hata kimoja? Kuna alama yoyote ya kuonyesha shamba linaishia wapi, na nani kaiweka? Na mgeni akikata kamba, nani anamlipa mama? Nitayaweka majibu hapa wote wasome.

Wasalaam, na salamu kwa wote nyumbani.